Pua ya Kuazima

Homa ya Februari iliondoka na pua yangu.
Iliiacha usoni, ndiyo, ili miwani ipate pa kukaa,
lakini harufu zote zilifungasha zikaenda.
Kahawa ikawa maji ya moto yenye rangi.
Sabuni ikawa jiwe.
Na mimi, Ragnhild wa duka la tumbaku hapa Faaborg,
mchanganyaji, binti wa mchanganyaji,
nikabaki mbele ya mitungi kumi na minne
kama kiziwi aliyerithishwa ngoma.

Mikono bado ilijua.
Nafinya jani la Virginia, naliachia:
likifunguka polepole, kama mtoto anayeamka,
unyevu unatosha.
Likibaki donge, lisubiri kesho.
Likivunjika, nimelichelewa.
Lakini mikono haijui utamu.
Haijui kama lile jani la Kupro,
lililofukizwa kwa kuni za porini hadi likawa jeusi,
limewameza wenzake.

Basi kila Alhamisi huja Asger Bruun,
zamani fundi wa injini za feri,
masikio mabovu, pua nzima.
Huketi dirishani, hugonga kiko kwenye kisigino cha kiatu,
hujaza kwa vidole vitatu, chini legelege, juu kaza.
Njiti ya kwanza ni ya uongo:
tumbaku huinuka, hujikunja, huzimika.
Huishindilia kidogo tu.
Njiti ya pili ndiyo ya kweli.

"Sema," namwambia.
Naye husema, nami naandika:
mwanzo ni nyasi kavu, ghala limefunguliwa adhuhuri.
Kisha ganda la mkate wa rai.
Kisha, ngoja,
kisha hatamu ya ngozi, na kamba iliyopakwa lami.
Kiko kikifika nusu, zabibu zilizosahauliwa kabatini
na pilipili inayopita puani bila kubisha hodi.
Moshi umepoa. Hauchomi.
Kiko hakigugumii mate.
Chini hubaki majivu meupe, makavu, ya kupulizwa tu.
"Nzuri," husema.
Kila Alhamisi: nzuri.

Wiki ya tisa nikaanza kumshuku.
Nzuri ipi hiyo? Ya tumbaku,
au ile anayopewa mgonjwa na wageni waliokuja kumjulia hali?
Nikafunga mlango wa nyuma,
nikachota ile ya Louisiana,
iliyogandamizwa ikachacha mwaka mzima ndani ya mapipa ya wiski,
ile ambayo baba aliipima kama dawa,
sehemu moja kwa ishirini.
Nikatia sita.

Alhamisi. Theluji yenye maji.
Asger akajaza, akawasha, akawasha tena.
Hakusema nyasi. Hakusema mkate.
Jasho likamtoka chini ya kofia.
Akavuta hadi nusu, mkaidi,
kisha akakilaza kiko juu ya kaunta
kama mtu anayesalimisha bastola.

"Siki," akasema. "Tini zilizooza, na siki,
na ulimi wangu umeng'atwa na mbwa ninayemjua kwa jina.
Ragnhild, umenipima?"
"Nimekupima."
"Basi andika!"
na ile sauti iliyozoea kushindana na injini
ikatetemesha mizani:
"Mbaya! Kwa herufi kubwa!
Na uniletee maziwa."

Nikacheka hadi miwani ikaanguka.

Jioni nilipekua daftari, kurasa zote za nyuma,
nzuri, nzuri, nzuri,
na kila moja sasa ilikuwa na uzito wake,
kama sarafu uliyoigonga mezani ikalia.
Kiko alikisahau.
Nikakishika. Mti wake ulikuwa umepoa zamani,
ila kiganja changu kilikataa kukubali.
Nikakisogeza puani, kwa mazoea.
Hakuna.

Kesho narudi kwenye sehemu moja.
Labda moja na nusu.
Alisema tini,
na baba, miaka yote ile, hakuwahi kupata tini.